Kiti cha buku nane, koti la buku tatu: namna ya kutengeneza mtumba bila kuuharibu zaidi

Nianze na kosa langu mwenyewe mana ndo lililonifundisha haya yote. Nilinunua kiti buku nane (shilingi elfu nane) kwa jamaa mmoja aliyekuwa anahama hapa Tabata, Dar, kiti cha mbao cha mezani, kizito, kimepakwa rangi ya kijani kama ya geti, na kilikuwa kinayumba. Nikasema ah, kuyumba tu, nikachukua nyundo na misumari ya inchi tatu nikakigongelea kila kona. Siku mbili kikatulia. Ya tatu shemeji yangu kakaa, mguu ukapasuka wima kuanzia pale msumari ulipoingia. Nikakibeba mpaka Keko kwa mzee mmoja fundi, akakipindua, akakikagua kimya kimya, alafu akaniuliza, "Binti, ulikuwa unakitengeneza au unakisulubu?"

Nikakaa nimwangalie anafanya nini. Cha kwanza hakugusa gundi wala nyundo ya kugongea kitu, alichomoa. Misumari yangu yote kumi na kitu, alafu akakibomoa kiti kizima mpaka kikabaki rundo la vijiti chini, nikaona hapa nimeshaliwa. Kumbe ndo kazi yenyewe. Tangu siku ile iwe kiti iwe suruali mimi naanza na kufumua, kuongeza kunakuja baadae, na mara nyingi ukishafumua vizuri unakuta cha kuongeza ni kidogo sana.

Ila kabla ya kufumua kuna kununua, na hapo ndo pesa za watu wengi zinapotelea. Kiti au meza usiiangalie kwa juu, juu hapo muuzaji kashapitisha kitambaa chenye mafuta kinang'aa. Ipindue, miguu juu. Chini ndo kuna ukweli wote, mana hakuna anayepaka rangi chini. Kwaruza kidogo na funguo mahali pasipoonekana uone mbao ni ya rangi gani. Kile kiti changu cha kijani chini kilikuwa na mbao ya hudhurungi yenye michirizi ya dhahabu, mninga kabisa, na yule jamaa alikuwa anauza bei ya mbao za paina. Kuyumba sio ugonjwa, viungo vimelegea tu, hilo linatibika. Cha kukimbia ni mguu au fremu iliyopasuka pale pale kwenye kiungo, na vitobo vidogo vidogo kama vya sindano vyenye unga. Kigonge chini juu ya gazeti, unga mweupe mpya ukidondoka jua wadudu bado wamo ndani wanakula, vitobo vikavu bila unga inawezekana walishaondoka zamani.

Chipbodi na emdiefu (zile mbao za unga wa mbao ulioshikishwa kwa gundi) ndo zina mtihani wake. Kabati limesimama zuri, kioo kipo, ukiangalia kingo za chini karibu na sakafu zimevimba kama mkate uliolowekwa kwenye chai. Hayo ni maji ya kupiga deki ya miaka yote. Hairudi hiyo, usidanganywe na mtu kwamba utaweka gundi na kubana, ule unga ukishalowa na kuvimba umeachana moja kwa moja. Mimi kabati kama hilo nalinunua kwa kitu kimoja tu, vifaa vyake: kioo, bawaba, vitasa, reli za droo, na droo zenyewe kama hazijaguswa na maji. Droo moja nzuri ukiifunga magurudumu manne madogo chini ni boksi la kusukumia chini ya kitanda, nguo za watoto zote zinakaa humo. Lililobaki tupa bila huruma.

Na sasa kunguni. Naomba hapa tusioneane aibu, Dar kunguni wapo na wanasafiri na fanicha. Angalia kwenye mishono ya sofa, kwenye matundu ya skrubu, na hasa chini ya kile kitambaa cheusi kilichogongelewa chini ya sofa, washa tochi ya simu. Vidoti vyeusi kama vya kalamu, maganda makavu ya rangi ya chai, au wenyewe. Sofa ikiwa nao mimi siitaki hata bure, kunguni anaweza kukaa miezi bila kula kwahiyo stori za "liweke nje wiki mbili watakufa njaa" achana nazo. Kitanda au kiti cha mbao ya kweli hicho bado kina matumaini, mimina maji yanayochemka kwenye kila kiungo na kila ufa, nje ya nyumba, rudia tena baada ya siku kadhaa mana mayai yanajificha, kausha juani. Moto ndo unawaua, wao na mayai yao, ukifika nyuzi joto hamsini hivi na kidogo hawatoki. Maji ya moto yatalegeza gundi ya zamani, ndio, ila si tunakuja kuitoa hata hivyo.

Haya, tukibomoe kiti. Kabla hujagonga chochote chukua penseli andika namba kwenye kila kiungo pande zote mbili, moja na moja, mbili na mbili. Usijiamini kwamba utakumbuka, vijiti vya kiti vinafanana kama ndugu na kumbe kila kimoja kilichongwa kwa tundu lake. Gonga kwa nyundo iliyofungwa tambara, au weka kipande cha mbao katikati, pole pole ukihama upande huu na huu. Kiungo kikikataa kuna msumari umejificha, tafuta kidoti cha kutu au mahali palipozibwa. Usilazimishe, ukilazimisha ulimi (ile ncha ya kijiti inayoingia kwenye tundu) unakatikia ndani na hapo ndo kazi inakuwa ya patasi.

Ukishakitenganisha utaona gundi ya zamani imeganda kwenye zile ndimi kama nta. Hiyo yote itoke, na hapa ndo watu wanapochoka mapema. Gundi mpya inataka kunywewa na mbao, ikikuta gundi ya zamani haina pa kushika, ndo mana kiti ulichokibandika Jumamosi kinayumba tena Jumatano. Kwangua na kisu, malizia na msasa, na ikiwa ni ile gundi nyeupe ya kawaida paka siki au maji ya uvuguvugu subiri inalainika kama ugali wa jana. Alafu jaribu kuingiza ulimi kwenye tundu bila gundi. Ukicheza, chukua lile ganda jembamba linalotoka kwenye randa (fundi yeyote analo rundo zima chini ya meza yake, anakupa bure), uzungushie ulimi kwa gundi, acha ukauke, punguza mpaka uingie kwa kubana kidogo. Usijaze pengo kwa gundi tupu, gundi peke yake haina nguvu.

Paka gundi pande zote mbili, kwenye ulimi na ndani ya tundu, unganisha kwa namba zako. Sasa unatakiwa kubana. Klampu nani anazo nyumbani? Nenda kwa fundi baiskeli omba tyubu iliyokufa, ikate kwa mkasi iwe utepe mrefu upana wa vidole viwili, izungushe miguu yote minne huku unaivuta kila mzunguko kwa nguvu zako zote na mwisho uuchomeke chini ya mzunguko wa mwisho. Inabana kuliko unavyodhani, na haikwaruzi mbao. Kabla haijaanza kukauka simamisha kiti kwenye sakafu iliyonyooka, sio kwenye kapeti, uone miguu yote inagusa, na pima kwa kamba kutoka kona hadi kona, njia zote mbili ziwe sawa, isipokuwa sawa kisukume kidogo. Gundi iliyochuruzika futa na tambara bichi muda huo huo, ukiiacha vanishi haitashika hapo na utabaki na doa la kukutazama kila siku. Kisiguswe mpaka kesho saa kama hizi. Kesho kweli, sio jioni.

Kuhusu rangi ya zamani nisisitize kitu. Rangi za zamani nyingine zina madini ya risasi ndani, na ukisugua ikiwa kavu lile vumbi linaenda kwenye mapafu yako na kwenye sakafu anayotambaa mtoto. Lowesha msasa, ile aina inayokubali maji, sugua ikiwa mbichi, nje, futa tope lake na tambara utupe tambara. Ukishafika kwenye mbao tupu iliyokauka ndo unatumia msasa mkavu, anza namba 80 kama kuna makovu, panda 120, maliza 240, siku zote unafuata mkondo wa nyuzi za mbao, ukienda kwa kuzungusha mikwaruzo inajificha alafu inajitokeza yote siku ya vanishi. Na vaa barakoa hata kwa mbao tupu, vumbi la mninga linawasha pua na kifua, niliipuuza hiyo siku ya kwanza nikakohoa usiku kucha.

Vanishi ipakwe nyembamba mara tatu kuliko nzito mara moja. Katikati unapitisha msasa laini, 320, kwa kupapasa tu. Alafu angalia hali ya hewa. Meza yangu ya pili nilipuliziwa sila na laka (zile za kupuliza zinazokauka haraka) mwezi wa nne, masika yamekolea, asubuhi naikuta na ukungu mweupe kama imemwagiwa maziwa. Ni unyevu wa hewa umenasa wakati thina inakauka haraka. Subiri siku kavu, fanya kazi saa nne mpaka saa tisa jua likiwa juu, na kama ni lazima ufanye masika tumia vanishi ya oili ya kupaka kwa brashi, inachelewa kukauka lakini haikufanyii hivyo.

Cha kukalia ni rahisi kuliko vyote. Kata sponji saizi ya ubao, kitambaa kizidi kama vidole vinne kila upande, pini ya kwanza katikati ya mbele, ya pili katikati ya nyuma huku unavuta, alafu kulia, kushoto, ndo unaelekea kwenye kona mwisho. Ukianzia kona kitambaa kinakwenda upogo na hutajua kwanini. Mimi nilitumia miguu ya jinzi mbili zilizotoboka magotini, na hiyo inanipeleka kwenye nguo.

Nguo nanunua Karume, soko la mitumba hapa Dar, tangu kabla soko halijaungua ile Januari 2022 na mpaka leo. Koti nalolisema la buku tatu ni koti zito la sufu, Dar nani anavaa koti la sufu, ndo mana linabaki mwisho wa balo linauzwa bei ya karanga. Mimi nina dada yuko Makambako, huko mwezi wa sita na wa saba watu wanatoa moshi mdomoni asubuhi, kwahiyo makoti ambayo Dar yanadharauliwa mimi nayaokota, nayatengeneza, nayapandisha basi.

Kukagua nguo ni kule kule chini kwenye ukweli. Igeuze ndani nje, inyanyue ielekee kwenye mwanga, angalia makwapa, katikati ya mapaja, kola. Bitana iliyochanika isikutishe, hiyo ni ya kushona nusu saa. Mabega yakiwa mapana kuliko yako rudisha, kupunguza bega la koti ni kulijenga upya na fundi atakwambia "hiyo ndogo tu dada" alafu mkono utakaa kama umeteguka. Kiuno, urefu, upana wa ubavu, hivyo vyote vinapunguzika.

Lebo ikiwa imekatwa na hujui ni kitambaa gani, vuta uzi mmoja kutoka kwenye pindo la ndani, ushike kwa kibano au koleo, uwashe kiberiti juu ya sinki. Pamba inaungua kama karatasi na harufu ni ya karatasi, jivu laini linapeperuka. Sufu inanuka nywele zilizoungua. Polista inayeyuka inakunjana kuwa kipunje kigumu cheusi, usiguse kikiwa cha moto. Hii sio mchezo wa sayansi tu, ndo inakwambia upige pasi ya moto kiasi gani na uifue vipi. Sufu ukiiloweka maji ya moto na kuisugua inasinyaa mpaka inamtosha mdogo wako. Maji ya baridi, sabuni kidogo, kandamiza usikamue, anika imelala kivulini.

Madoa nayo yana adabu zake. Mafuta, sabuni ya vyombo nguo ikiwa kavu, kabla ya maji. Njano ya jasho kwapani, tope la magadi soda na maji, acha saa nzima, sugua na mswaki mzee. Jiki hapo ndo unaharibu, inakutana na jasho inazidi kuwa njano, na kwenye sufu inakula nguo yenyewe. Na ile ya kuloweka nguo kwenye chumvi ili isichuje rangi, samahanini bibi zetu, nimejaribu mara nyingi inachuja vile vile, fua peke yake tu mpaka maji yawe meupe.

Zipu. Hapa nitakaa kidogo mana watu wanatupa majaketi mazima kwa ajili ya zipu, au wanalipa fundi abadilishe yote wakati tatizo ni kichwa tu. Unapandisha zipu, inafunga, alafu nyuma ya kichwa meno yanaachana. Meno ya zipu ni mazima hayo. Kilichotokea ni kwamba kichwa kimepanuka kwa kuvutwa miaka mingi, hakibani tena meno yakashikana. Rudisha kichwa chini kabisa. Chukua plaizi, bana ukingo wa nyuma wa kichwa, ule upande ambao meno yanatokea yakiwa yameungana, kushoto kidogo, alafu kulia kidogo, kidogo kweli, kama unabana kidole cha mtoto. Jaribu. Bado? Bana tena. Ukibana kwa pupa mara moja kinapasuka, vile ni vya madini mepesi. Kikishakubali pitisha mshumaa kwenye meno juu mpaka chini. Kama kichwa kimekufa kabisa kigeuze uangalie nyuma, mara nyingi kuna namba, 3 au 5 au 8, hiyo ndo saizi, nenda kwa wauza vifaa vya cherehani Kariakoo taja namba na aina ya meno, plastiki au chuma, unapata kichwa peke yake kwa bei ya pipi.

Suruali ya kiume pana kiunoni inapunguzwa nyuma katikati, walioishona waliacha kitambaa cha ziada pale makusudi. Fumua kwanza kile kishikio cha mkanda cha katikati, fumua mkanda wa kiuno kidogo, alafu mshono wa makalio, chora mstari mpya kwa chaki au kipande cha sabuni kavu, uende ukipotea taratibu kuelekea chini. Sentimita tano ndo mwisho, ukizidi mifuko ya nyuma inaanza kusalimiana. Wembe unafumua lakini unakata na kitambaa usipoangalia, kile kidude cha kufumulia chenye ncha mbili hakizidi bei ya soda mbili.

Jinzi ndefu usiikate pindo lake lile lililochakaa vizuri, ndo uzuri wake. Kunja kwa nje, shona mstari chini tu ya pindo la zamani, geuza pindo lirudi chini, kitambaa kilichozidi kinabaki ndani unakikata au unakiacha. Sindano namba 16, jinzi inavunja sindano nyembamba na kipande kinaruka machoni. Pale panapopishana mishono minene zungusha gurudumu la cherehani kwa mkono.

Na kuna kitu ambacho vijana wengi hawakijui, bibi yangu ndo alikuwa anakifanya, kugeuza kola. Shati la ofisini zuri, mwili mzima mpya, ila kola pale inapogusa shingo imekatika nyuzi. Fumua ule mshono unaoshika kola kwenye kile kipande kinachosimama, itoke kola peke yake, igeuze, upande wa chini ambao haujawahi kuona jua uje juu, irudishe mahali pale pale, ishikishe kwa pini kuanzia katikati kwenda pembeni, pitisha mshono. Shati limerudi kazini. Angalia kwanza kama kola haina vifungo vya kuibana chini, hiyo haigeuziki mana matundu yake yatakuwa upande usiofaa. Shati lililokwisha kabisa mwili ndo unalikata mbele iliyo na vifungo iwe mfuniko wa foronya ya mto wa sofa, vifungo vinabaki kuwa mlango wake, hushoni zipu.

Kiraka cha jinzi kiwekwe ndani, kizidi shimo vidole viwili kila upande, na kitambaa chake kifuliwe kabla, kipya kikisinyaa baada ya kushonwa kinavuta nguo yote inakunjamana kama uso wa mtu aliyeamshwa.

Ambavyo huwezi mpelekee fundi, hakuna aibu. Mimi bitana ya koti zima sishoni, namuachia. Ila usimpelekee nguo na maneno, "nipunguzie kidogo" kwake ni sentimita kumi. Livae mbele yake, weka pini mwenyewe, muulize anakata au anakunja, mwambie akunje, kitambaa kikishakatwa hakirudi. Kuna mmoja, simtaji, aliniambia njoo kesho wiki tatu, siku ya mwisho nikamkuta kijana wake kavaa koti langu kanisani. Koti la Makambako hilo hilo. Nikalifua tena, vifungo nikavikaza kwa uzi wa mara mbili, kifungo kimoja cha ziada nikakishona ndani mfukoni, nikalipandisha basi la saa kumi na mbili asubuhi.